Maneno ya kwaya yasikike: jinsi ya kuchagua kizibo cha ndoo kwa ajili ya tromboni

Kikundi cha matarumbeta kikipiga nje, kwenye harusi au kwenye mazishi, ni nadra mtu kulalamika kwamba sauti ni kubwa. Shida huanza kikundi hicho hicho kinapoingia ndani ya kanisa lenye paa la bati na kupiga pamoja na kwaya. Waliokaa nyuma wanasikia tromboni vizuri, ila maneno ya wimbo hawayapati. Wanakwaya nao, wakijaribu kushindana na shaba, wanaishia kupiga kelele badala ya kuimba.

Kuna kifaa kilichobuniwa kwa shida ya namna hii. Ni kizibo cha ndoo: chombo kifupi chenye umbo la ndoo, kilichojazwa kitu laini, kinachowekwa mbele ya mdomo mpana wa tromboni. Wapigaji wengine huita vizibo vyote vya aina hii kwa neno moja, myuti. Madukani ya vijijini havipo, na ukiagiza kutoka nje bila kujua unachotaka unaweza kupokea kitu kisichoingia kwenye chombo chako. Kwa vikundi vya Masieda, Haydom, Dongobesh, Basotu na vijiji vingine vya Mbulu na Hanang, hela ya namna hiyo hutoka kwenye michango ya watu waliouza mahindi au mbuzi. Kwa hiyo tunaeleza hapa kifaa hiki kinafanya nini, kinachaguliwa vipi, lini hakihitajiki kabisa, na namna ya kujitengenezea.

Matarumbeta yaliumbwa kupigwa nje

Katika makanisa ya Kilutheri ya Tanzania, upigaji wa matarumbeta una asili ya Ujerumani. Wajerumani huita kikundi cha namna hii Posaunenchor, maana yake kwaya ya tromboni, ingawa ndani yake kuna tarumbeta na vyombo vingine vya shaba. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na wale wa Betheli walifanya kazi Usambara na baadaye Bukoba. Makanisa yaliyotokana na kazi hizo na nyingine, ikiwemo ya Waskandinavia na Wamarekani, yaliungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa KKKT.

Mtu mmoja wa Betheli, mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeishi kuanzia 1856 hadi 1941, aliacha alama mbili zinazotuhusu. Ya kwanza, alitaka wapigaji wasome noti zile zile zilizoandikwa kwa ajili ya waimbaji. Kikundi kinachofuata desturi hiyo kinaweza kufungua kitabu cha nyimbo chenye noti na kupiga sauti nne kama zilivyo. Tromboni hupewa tena au besi, sauti ile ile inayoimbwa na wanaume wa kwaya. Ya pili, Kuhlo alipenda shaba itoe sauti laini inayokaribia ya mtu anayeimba, hata kuna chombo laini cha shaba kilichoitwa kwa jina lake.

Hayo mawili yanatuonyesha tatizo lilipo. Tromboni na mwimbaji wa tena wanashika noti moja kwa wakati mmoja. Tofauti ni kwamba mwimbaji ana maneno, na tromboni haina. Tromboni ikizidi, noti inabaki lakini neno linapotea.

Kwa nini tromboni hufunika maneno

Tromboni ya tena ina mrija wa urefu wa karibu mita 2.7 ukiunyoosha. Mpigaji akipuliza, noti haitoki peke yake. Inatoka pamoja na sauti nyingine nyembamba zaidi zilizopanda juu yake, ambazo sikio haliwezi kuzitenga lakini ndizo zinazoipa tromboni ule ukali wake. Ukipuliza taratibu, sauti hizo nyembamba ni chache. Ukipuliza kwa nguvu, zinaongezeka haraka kuliko noti yenyewe. Mwaka 1996 Avraham Hirschberg na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba tromboni ikipigwa kwa nguvu sana, mawimbi ya hewa ndani ya mrija hubanana hadi yanakuwa mawimbi ya mshtuko. Ule mlio wa kukwaruza tunaousikia mpigaji akizidisha una uhusiano na jambo hilo.

Sasa fikiria maneno. Irabu kama a, o na u zina nguvu na husikika kirahisi. Lakini herufi zinazotenganisha neno moja na jingine, kama s, sh, t, k na f, ni sauti nyembamba na dhaifu. Sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye mitetemo 2,000 hadi 8,000 kwa sekunde. Ukali wa tromboni hufika eneo hilo hilo. Ndiyo maana msikilizaji husema, "nasikia wanaimba lakini sijui wanasema nini." Irabu zimepita, konsonanti zimefunikwa.

Jengo nalo huongeza. Paa la bati bila dari, sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu hurudisha sauti badala ya kuimeza. Miili na nguo za watu humeza sauti, na hasa zile nyembamba. Kwa hiyo kanisa tupu siku ya mazoezi huwa na mwangwi zaidi kuliko kanisa lililojaa Jumapili. Usifanye uamuzi wa kununua kifaa kwa kusikiliza kanisa tupu peke yake.

Mambo manne yasiyogharimu kitu

Kabla kikundi hakijachanga hata shilingi, kuna mambo manne ya kujaribu.

Jambo la kwanza ni kugeuza tromboni. Sauti nene husambaa pande zote, lakini zile nyembamba na kali hutoka mbele zikifuata mwelekeo wa mdomo wa chombo, kama mwanga wa tochi. Mpigaji anayeelekeza mdomo huo kwa waumini anawapa ukali wote. Akikaa upande akaelekeza chombo mbele ya kwaya bila kuwalenga watu, au akakishusha kidogo kuelekea sakafuni, ukali hupungua kabla hata ya kuziba kitu.

Jambo la pili ni kuiweka kwaya mbele. Wanaoimba wakae karibu na waumini kuliko wanaopuliza. Si vizuri pia mwanakwaya akae mita moja mbele ya mdomo wa tromboni. Kwa karibu hivyo, tromboni inayopigwa kwa nguvu inaweza kupita desibeli 100, kiwango ambacho kikirudiwa kwa muda mrefu huharibu usikivu. Watoto hasa wasikalishwe hapo.

Jambo la tatu ni kupunguza wapigaji. Kama kuna tromboni tatu, beti la waimbaji lipigwe na moja. Zote tatu zirudi kwenye utangulizi na kwenye beti la mwisho ambalo kanisa lote linaimba.

Jambo la nne ni kufanya mazoezi ya kupiga taratibu. Kupiga tromboni kwa sauti ndogo ni kazi ngumu kuliko kupiga kwa nguvu, maana midomo inahitaji hewa iliyotulia na isiyokatika. Noti ndefu za sauti ndogo, dakika 10 kila siku, hubadilisha kikundi ndani ya miezi michache. Kizibo hakichukui nafasi ya mazoezi haya. Mpigaji anayepuliza kwa nguvu kupitia kizibo bado atafunika kwaya.

Mkijaribu haya manne na maneno bado hayasikiki, au kama kuna nyimbo ambazo mnataka tromboni iwe laini kama mwimbaji wa nyuma, hapo kizibo cha ndoo kina kazi.

Kinavyofanya kazi

Kizibo cha ndoo hakizibi, ingawa kinaitwa hivyo. Kinakaa mbele ya mdomo wa tromboni na kuacha nafasi ndogo pembeni. Sauti inatoka, inaingia kwenye pamba, sponji au sufi iliyomo ndani, kisha inatafuta njia kupitia ile nafasi. Vitu laini humeza sauti nyembamba kwa urahisi, lakini huziacha sauti nene zipite. Kwa hiyo noti inabaki na unene wake, na ukali unabaki ndani ya ndoo.

Hiyo ndiyo sababu bendi za dansi za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 zilikipenda kifaa hiki. Mwimbaji mmoja alisimama mbele na maikrofoni, na nyuma yake kulikuwa na safu ya tromboni iliyotakiwa kumfunika kama shuka laini, bila kumzamisha. Mwimbaji wa kanisa la kijijini mwenye spika moja ya sola ana shida hiyo hiyo.

Visichanganywe na vizibo vingine

Muuzaji akisikia "kizibo cha tromboni" anaweza kukuuzia kimojawapo kati ya vitano. Jua tofauti zake.

Kizibo cha koni ndicho cha kawaida zaidi. Kinaingia ndani ya mdomo wa chombo na kushikwa na vipande vitatu vya koki. Hupunguza unene wa sauti na kuacha wembamba, hivyo mlio unakuwa mkali na wa puani. Kwa kazi ya kusaidia maneno yasikike, huyu ni adui.

Kizibo cha kikombe kinafanana na cha koni, ila mbele kina kikombe kinachokaribia ukingo wa chombo. Hulainisha sauti kiasi, na vingine vina kitambaa kizito ndani ya kikombe. Kama ndoo haipatikani, hiki ndicho ndugu yake wa karibu.

Mpira wa kuzibulia sinki, ukitolewa mti wake, hushikwa kwa mkono wa kushoto na kufungua na kufunga mdomo wa chombo. Joe Nanton, mpiga tromboni wa bendi ya Duke Ellington, alisifika kwa kuifanya tromboni iongee kwa njia hiyo. Ni mchezo mzuri wa jukwaani, lakini hausaidii kwaya.

Kofia au kitambaa kizito kinachoning'inizwa mbele ya chombo hulainisha kidogo. Ni njia ya bure ya kuonja sauti ya ndoo kabla ya kununua.

Kizibo cha mazoezi hufunga karibu mdomo wote ili mtu apige nyumbani bila kusumbua majirani. Huleta ugumu wa kupuliza na kinaweza kuvuruga noti. Kisitumike kwenye ibada hata kama bei yake inavutia.

Aina mbili za ndoo

Kizibo cha ndoo chenyewe kina aina kuu mbili.

Aina ya kwanza hushikilia ukingo wa tromboni kwa nje kwa vishikizo vya chuma vyenye springi. Ni aina ya zamani, na kampuni ya Marekani ya Humes & Berg imekuwa ikiiuza kwa miongo mingi kwa jina la Velvet-tone. Uzuri wake ni kwamba mrija unabaki wazi, hewa inapita bila kukwama, na noti hazisogei sana. Ubaya wake ni kwamba kuivalisha na kuivua kunachukua muda na kunahitaji utulivu. Mpigaji hawezi kufanya hivyo katikati ya beti. Vishikizo pia vinaweza kukwaruza ukingo, na vikilegea ndoo inaanguka sakafuni wakati wa sala.

Aina ya pili huingia ndani ya mdomo wa chombo kwa koki, kama kizibo cha koni, halafu ndoo yake inakaa mbele. Inaingia na kutoka kwa sekunde chache, na haigusi ukingo. Lakini lazima ilingane na upana wa ndani wa chombo chako. Ikiwa kubwa haitaingia vya kutosha, na ikiwa ndogo itazama ndani na kubana hewa. Zile za alumini ni ghali zaidi.

Kwa kikundi cha kanisa ambacho kinajua mapema wimbo upi unahitaji sauti laini, aina ya vishikizo inatosha. Aina ya koki ina faida pale mpigaji anapotakiwa kubadilisha ndani ya wimbo mmoja, kwa mfano beti laini kisha kiitikio cha wazi. Kama tromboni yenu ni ya mtumba na ukingo wake umepinda au umebonyea, vishikizo havitashika sawasawa, hivyo chagueni ya koki au mjitengenezee.

Pimeni kabla ya kuagiza

Chukueni futi ya fundi cherehani, ile yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Pimeni mdomo mpana wa tromboni kutoka ukingo hadi ukingo, mkipita katikati kabisa. Tromboni nyingi za wanafunzi na za dansi zina kati ya inchi 7 na nusu na 8, yaani sentimita 19 hadi 20 hivi. Tromboni kubwa za tena zina inchi 8 na nusu, karibu sentimita 21 na nusu. Tromboni za besi huanzia inchi 9 au 9 na nusu kwenda juu.

Andikeni kipimo hicho, na mpige picha tatu kwa simu: chombo kizima kwa ubavu, mdomo wake ukitazamwa mbele huku futi imewekwa juu yake, na jina la kiwanda pamoja na namba kama zimechorwa. Mtumieni muuzaji vyote. Mwulizeni maswali manne: hiki ni cha tena au cha besi? Kinashika ukingo au kinaingia kwa koki? Uzito wake ni gramu ngapi? Kisipolingana kinarudishwa?

Bei hubadilika, lakini msitarajie kitu cha bei ya kopo. Cha kawaida huuzwa nje kwa makumi ya dola, na cha alumini kinaweza kupita dola 100, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa sababu hiyo agizeni kimoja kwanza hata kama tromboni ni mbili. Kikifaa, ongezeni cha pili.

Slaidi, mkono na uzito

Tromboni ina jambo ambalo tarumbeta haina. Mpigaji anavuta slaidi, na mkono wake wa kulia unapita kando ya mdomo wa chombo. Nafasi ya tatu iko kabla kidogo ya ukingo, ya nne imepita ukingo kidogo. Wengi wetu tumefundishwa kuzipata nafasi hizo kwa kutazama ukingo. Ndoo ikikaa mbele, alama hiyo inabadilika machoni, na vidole vinaweza kugonga ndoo.

Kwa hiyo ndoo isiwe pana kupita mdomo wa chombo kwa upande wa kulia, na kishikizo kisikae upande wa slaidi. Mpigaji apige ngazi ya noti taratibu kutoka nafasi ya kwanza hadi ya saba akiwa amefumba macho. Akigonga, zungusheni ndoo au mbadilishe.

Uzito nao una maana. Ndoo inakaa mwisho wa mbele wa chombo, na mkono wa kushoto ndio unaobeba. Gramu mia chache haziumizi kwenye wimbo mmoja, lakini kijana wa miaka 13 akipiga nazo ibada nzima atashusha chombo, midomo itahama na noti zitaharibika.

Kujitengenezea

Ndoo ya kujitengenezea inaweza kufanya kazi vizuri kwa sababu kazi kubwa inafanywa na kitu laini kilichomo ndani. Mtahitaji ndoo tupu ya plastiki ya rangi ya lita 4 au 5, mabaki ya sponji ya godoro, pamba, kipande cha kanga kuukuu, tyubu ya baiskeli na kamba ya kitambaa.

1. Osheni ndoo, ikauke kabisa. Ikateni ibaki na kina cha sentimita 12 hadi 15 kutoka kwenye kitako. Ndoo nyingi hupungua upana kuelekea chini, kwa hiyo pimeni pale mtakapokata. Mdomo mpya ulingane na mdomo wa tromboni.

2. Laini ukingo uliokatwa kwa msasa, kisha uvisheni kipande cha tyubu kilichopasuliwa ili plastiki isiguse shaba.

3. Wekeni sponji ya unene wa sentimita 2 au 3 kwenye kitako, na nyembamba zaidi kwenye ubavu. Jazeni pamba bila kuishindilia hadi karibu nusu ya kina. Funikeni kwa kanga na kuishona au kuigandisha pembeni. Msitumie nailoni wala karatasi, maana sauti lazima ipenye kitambaa ifike kwenye pamba.

4. Gandisheni vipande vitatu vya sponji ngumu kwenye ukingo wa ndoo ili kuacha nafasi ya upana wa kidole kati ya ndoo na tromboni. Nafasi hii msiizibe. Bila hiyo, kupuliza kunakuwa kugumu na noti zinahama.

5. Fungeni kamba ya kitambaa kama kola nyuma ya mdomo wa tromboni, pale unapoanza kuwa mwembamba, bila kukaza. Toboeni ndoo juu, chini na kushoto, mpitishe vipande vya tyubu hadi kwenye kola. Kulia muache wazi kwa ajili ya slaidi. Mpira uvute kiasi cha kushika tu. Shaba ya hapo ni nyembamba na hubonyea haraka, na kuinyoosha ni kazi ya fundi anayejua vyombo vya muziki, si ya nyundo.

Jaribio la simu

Iwe mmenunua au mmetengeneza, pimeni kwa simu kabla ya kuitumia kwenye ibada.

Wekeni simu kwenye benchi la mwisho, mahali pamoja bila kuisogeza. Rekodini beti moja bila ndoo, kisha beti jingine la wimbo huo huo kwa ndoo, waimbaji wakiwa wale wale. Chagueni wimbo ambao watu hawaujui kwa moyo. Wimbo unaofahamika hudanganya, maana kichwa cha msikilizaji hujaza maneno ambayo sikio halikuyapata. Wapeni watu watatu wasio wanakwaya wasikilize na kuandika kila neno wanalolipata. Hesabuni maneno sahihi katika kila beti. Kisha siku nyingine geuzeni, beti la kwanza lipigwe kwa ndoo na la pili bila ndoo. Kama idadi ya maneno haikupanda mara zote mbili, ndoo hiyo haijawasaidia, hata kama inapendeza.

Halafu pimeni noti. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha kama noti imepanda au imeshuka. Mpigaji ashike noti ndefu za chini, za kati na za juu, bila ndoo na kwa ndoo. Zote zikisogea upande mmoja, rekebisheni kwa mrija mdogo wa nyuma. Zikipanda baadhi na kushuka nyingine, ndoo iko karibu mno na mdomo wa chombo au hailingani nacho.

Kuitunza

Pumzi ya mpigaji ina unyevu, na vumbi la kiangazi linajulikana kwetu sote. Vyote viwili huishia kwenye pamba. Baada ya kupiga, ianikeni kivulini, si juani, kisha muihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa ulioning'inizwa. Pamba iliyoachwa sakafuni stoo ni nyumba ya panya. Ikinuka ukungu, badilisheni pamba na kitambaa. Msiache ndoo imefungwa kwenye tromboni usiku kucha, na msilaze chombo kikiwa nayo.

Lini muiache nyumbani

Kwenye maandamano, uwanjani, makaburini na alfajiri ya Pasaka, iacheni. Nje hakuna bati la kurudisha sauti, na watu wanatakiwa kusikia kutoka mbali. Ndoo nje itawafanya wapigaji wapulize kwa nguvu zaidi bila faida. Iacheni pia pale waumini wote wanapoimba kwa pamoja. Hapo tromboni inaongoza, na watu 200 wanaojua wimbo hawazamishwi na chombo kimoja.

Kazi yake ni ile sehemu ya katikati, kwaya ikiwa na ujumbe mpya na kanisa limenyamaza kusikiliza. Kama baada ya kugeuza viti, kupunguza wapigaji na kufanya mazoezi ya sauti ndogo bado mnahitaji msaada, anzeni na kofia au kitambaa, kisha ndoo ya plastiki, na mhesabu maneno. Namba zikionyesha kwamba inasaidia lakini ya kienyeji inaelemea mkono au inavuruga noti, hapo ndipo mpime mdomo wa chombo, mpige picha na kuagiza ya dukani.